Kabla ya Kumwambia Fundi "Jaza Gesi"

Simu tunazopokea kipindi cha joto huanza na maneno yaleyale: "Kiyoyozi hakitoi baridi, gesi imeisha." Anayepiga ameshajipima ugonjwa na ameshajiandikia dawa, kwetu anataka kujua bei tu. Mimi huuliza swali moja: ilipita wapi? Kwa kawaida upande wa pili hunyamaza kidogo, kisha ndipo mazungumzo ya maana huanza.

Gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama petroli ya gari. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ikigeuka maji (yaani kimiminika, si maji ya bombani) na kurudi kuwa mvuke: huchukua joto la chumbani kwenye koili ya ndani, yaani bomba lililokunjwakunjwa linalopitiwa na hewa, na kwenda kulimwaga nje kwenye koili ya nyuma. Kompresa ndiyo inayoisukuma. Ikiwa mabomba ni mazima, kiasi kilichotiwa kiwandani ndicho kitakachokuwamo siku mashine itakapotupwa. Ikipungua, kuna tundu. Na tundu lisipozibwa, gesi mpya itafuata njia ileile ya wenzake.

Makala haya yanahusu viyoyozi vidogo vya kipande kimoja: vya dirishani, vya kupachikwa kwenye tundu la ukuta, na vile vya magurudumu. Havifanani na vile vyenye sehemu mbili, ambavyo mabomba yake hufungwa na fundi siku ya kusimika na huwa na vali za kuunganishia geji, yaani vipimo vya presha. Cha kipande kimoja hujazwa gesi kiwandani, mrija wa kujazia hubanwa na kuchomelewa, basi. Hakina mlango. Aliyekitengeneza hakutarajia mtu aingie humo mara kwa mara, na hilo linabadilisha kila kitu kuhusu namna ya kukitibu.

Jambo la pili la kujua ni mrija wa kapilari. Ni uzi mwembamba wa shaba, uwazi wake wa ndani ni kama milimita moja, na ndio unaopitisha gesi kutoka upande wa presha kubwa kwenda upande wa presha ndogo. Hauna vali ya kujirekebisha. Kwa hiyo mashine hutegemea kipimo cha gesi kilicho sahihi kabisa, na kipimo chenyewe ni kidogo, gramu mia chache tu. Ikiwa kibao cha taarifa kinasema gramu 450 na fundi akakosea kwa gramu 50, amekosea zaidi ya sehemu moja ya kumi. Ikipungua, koili haipati baridi yote na kompresa hupata joto kupita kiasi. Ikizidi, gesi inaweza kurudi kwenye kompresa ikiwa bado maji, na kompresa haikuumbwa kusukuma maji.

Magonjwa yanayojifanya upungufu wa gesi

Kabla ya kumwita yeyote, toa kichujio cha hewa ukioshe. Ningependa kusema ushauri huu ni wa kitoto, lakini mashine nyingi zinazoletwa kwenye karakana yetu "kujazwa gesi" hutoka baada ya kuoshwa tu. Hewa isipopita ya kutosha juu ya koili, koili huganda barafu, na barafu huziba hata ile hewa kidogo iliyokuwa ikipita. Mwenye nyumba huona barafu na kusema gesi. Kumbe ni vumbi. Koili ya nyuma ikijaa uchafu, joto hukosa pa kwenda na kompresa hujizima kila baada ya dakika chache. Feni inayozunguka polepole kwa sababu ya kapasita iliyochoka (kifaa kidogo kinachohifadhi umeme wa kusaidia mota) huleta dalili hizohizo.

Barafu ikitokea, zima kompresa na uache feni pekee iendelee mpaka iyeyuke. Usiikwangue kwa kisu wala bisibisi. Tumeona koili zilizokuwa nzima zikitobolewa na mwenyewe akiondoa barafu iliyoletwa na kichujio kichafu.

Namna ganda la barafu lilivyokaa husema mengi. Likifunika koili yote, tafuta kwanza tatizo la hewa. Sehemu ndogo ikiganda karibu na mahali kapilari inapoingilia, na koili iliyobaki ikawa vuguvugu, hapo shaka ya gesi ina msingi. Pima pia joto la hewa inayoingia na inayotoka baada ya mashine kufanya kazi robo saa: tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 za Selsiasi ni dalili ya afya, ingawa kwenye hewa yenye unyevu mwingi inaweza kuwa ndogo zaidi. Fundi naye apime ampea. Kompresa yenye gesi pungufu mara nyingi huvuta umeme kidogo kuliko ulioandikwa kwenye kibao, kwa kuwa haina mzigo.

Angalia kwamba hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivi kilichohitaji kutoboa bomba. Fundi anayeanza kwa kufunga geji kwenye mashine iliyozibwa kiwandani ameanza na upasuaji kabla ya kumgusa mgonjwa paji la uso.

Tundu hukaa wapi

Sehemu ya kwanza ninayotazama ni palipo na msuguano. Ndani ya boksi dogo mabomba yamebanana, na kompresa hutikisika saa nzima. Kapilari ikigusana na bomba jingine, baada ya miaka kadhaa hulikata au hukatika yenyewe. Dalili yake ni doa la mafuta. Mafuta ya kompresa husafiri pamoja na gesi, hivyo gesi inapotoroka huacha alama ya mafuta iliyoshika vumbi. Tochi na kitambaa cheupe vimenionyesha matundu mengi kuliko kifaa chochote cha umeme.

Sehemu nyingine ni viungo vilivyochomelewa na mikunjo ya koili, hasa kwenye hewa yenye chumvi. Kuna pia aina moja ya kutu inayonishangaza hadi leo. Tindikali dogodogo, kama ile ya siki au zile zinazotoka kwenye baadhi ya gundi na dawa za usafi, zikikutana na unyevu na hewa juu ya shaba, huichimba kwa vijia vyembamba vinavyopindapinda kama njia za ndani ya kichuguu. Wataalamu wa metali wameipa jina la viota vya sisimizi. Nje huoni kitu ila kidoa. Ndani bomba limegeuka chujio. Koili ya namna hiyo hata ukiziba tundu moja, la pili liko njiani. Hapo dawa ni kubadilisha koili, au mashine.

Povu la sabuni bado ni kipimo kizuri, mradi ndani kuna presha. Ikiwa gesi imekwisha kabisa, fundi ataingiza naitrojeni kavu kupitia kirekebisha presha, bila kuvuka presha ya juu iliyoandikwa kwenye kibao. Kirekebisha presha si pambo: mtungi uliojaa una presha inayoweza kufika baa 150 au zaidi (baa moja ni karibu sawa na presha ya hewa ya kawaida), na bomba la kiyoyozi likiachiwa nguvu hiyo hupasuka. Oksijeni isitumike kamwe, hata kwa sekunde moja. Oksijeni ya presha ikikutana na mafuta ya kompresa hulipuka. Ukimwona fundi amekuja na mtungi mmoja wa oksijeni wa kuchomelea na anataka "kupima presha" nao, zima umeme na umsindikize mlangoni.

Kazi yenyewe

Ili kuingia, fundi hutumia kwanza vali ya kubana inayotoboa mrija wa kujazia. Vali hiyo ni ya muda. Ina mpira ndani, mpira huchoka, na kesho yenyewe ndiyo inayovuja. Ikiachwa hapo baada ya kazi, ujue umeuziwa tundu jipya. Njia sahihi ni kuvuta gesi iliyobaki, kukata mrija, na kuchomelea kipande chenye vali ya kudumu na kifuniko cha chuma. Au mwisho wa kazi kuubana na kuuziba kwa moto kama ulivyotoka kiwandani.

Gesi iliyobaki huvutwa kwa mashine maalumu na kuingizwa kwenye mtungi wake, ambao haujazwi zaidi ya asilimia 80 ya ujazo, maana gesi iliyogeuka maji hutanuka ikipata joto. Haiachiwi hewani. Nusu kilo ya R-410A, mojawapo ya gesi za viyoyozi, ikiachiwa huru hupasha dunia joto sawa na zaidi ya tani moja ya hewa ya ukaa kwa hesabu ya miaka 100. R-22, gesi nyingine ya viyoyozi, pamoja na joto, huharibu tabaka la ozoni. Ndiyo maana iliwekwa chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987. Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016 yaliongeza gesi za kundi la R-410A kwenye orodha ya zinazopunguzwa.

Kuna faida nyingine ya kuivuta ambayo mafundi wengi huipuuza: unaweza kuipima. Ikitoka gramu 430 kwenye mashine ya gramu 450, basi hakuna kilichovuja cha kusumbua. Ugonjwa uko kwingine, labda kapilari imeziba, na kuziba huko huonyesha kwenye geji presha ndogo ileile ya gesi pungufu. Aliyejaza bila kupima kilichotoka angeongeza gesi juu ya gesi.

Tundu likipatikana, huchomelewa huku naitrojeni ikipita polepole ndani ya bomba. Bila hiyo, shaba iliyopashwa moto hutengeneza magamba meusi kwa ndani, na magamba hayo huenda kuziba kapilari wiki mbili baadaye. Kichujio cha kukaushia hubadilishwa kila mara mfumo unapofunguliwa.

Kisha vakyumu, yaani kunyonya kila kilichomo ndani ya mabomba kwa pampu, hatua ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayotenganisha fundi na mbabaishaji. Kazi yake ni kutoa hewa na, zaidi ya hewa, maji. Presha ikishuka chini ya milimita 4.6 za zebaki, maji huchemka hata kwenye nyuzi sifuri na kutoka kama mvuke. Lengo la kawaida ni mikroni 500, yaani nusu milimita. Pampu inazimwa, vali inafungwa, na fundi anasubiri akitazama kipimo. Kikipanda kidogo na kusimama, kuna unyevu umebaki. Kikipanda bila kukoma, tundu bado lipo. Kompresa ya friji kuukuu iliyogeuzwa pampu haifiki huko, na kusukuma hewa nje kwa gesi hakuondoi maji. Mafuta yanayotumika na R-410A hunyonya unyevu upesi, na unyevu ndani ya mfumo hugeuka tindikali inayokula nyaya za kompresa.

Mwisho, mizani. Gesi huingizwa kwa uzito ulioandikwa kwenye kibao, si kwa "kusikiliza" wala kwa kushika bomba kama limepoa. R-410A ni mchanganyiko, hivyo hutolewa mtungini ikiwa maji na kuingizwa kidogokidogo. Presha hutazamwa kama ushahidi wa ziada. Kwenye nyuzi 5 za koili, R-22 huonyesha karibu baa 4.8 na R-410A karibu baa 8.3. Tofauti hiyo peke yake inatosha kueleza kwa nini gesi moja haiwekwi mahali pa nyingine. Anayetia propeni, R-290, kwenye mashine isiyobuniwa kwa gesi inayowaka amekuachia kitu cha kulipuka kikiwa na swichi zinazotoa cheche. Mashine zilizoundwa kwa R-290 zipo na ni nzuri, lakini zina alama ya moto kwenye kibao na taratibu zake. Hata R-32 huwaka, ingawa kwa shida zaidi.

Wewe mwenye nyumba, fanya usafi na uishie hapo. Ndani ya boksi kapasita huweza kushika umeme hata baada ya plagi kuchomolewa, gesi iliyo maji hugandisha ngozi ikiigusa, na R-22 ikipita kwenye mwali wa moto huweza kutoa fosjini, ambayo ni sumu ya mapafu.

Ukijumlisha kuvuta, kuchomelea, kupima, vakyumu na kujaza, utaona kwa nini kazi iliyofanywa vizuri ina gharama, na kwa nini kwa mashine ndogo yenye umri mkubwa mara nyingi ninashauri isitengenezwe. Mashine ya R-22 iliyotoboka kwenye koili ni ya kuaga. Yenye miaka mitatu na kapilari iliyosuguana, itengeneze bila wasiwasi. Inayotupwa nayo ivutwe gesi kwanza, kabla ya muuza vyuma chakavu kufika na shoka.

Na iliyotengenezwa, fundi asifunge boksi mpaka aandike kwenye kibandiko tarehe, aina ya gesi, gramu alizotoa, gramu alizoweka na mahali tundu lilipokuwa, kisha akibandike nyuma ya kava la mbele, kando ya kichujio.