Poti umefungua, ruta haifikiki: tafuta pakiti inapokwamia

Karibu kila anayeniletea tatizo hili huanza na maneno yaleyale: poti (mlango wenye namba ambao huduma hupitia) nimefungua, lakini nikiwa nje ya nyumba siingii kwenye ruta yangu. Nikimwuliza amefungua wapi, ananionyesha ukurasa wa ruta yake. Na kweli sheria ya kuelekeza poti ipo, namba ya poti ni sahihi, anwani ya ndani haina kosa. Ila ruta hiyo haijapata kuona hata pakiti moja (kipande cha data) ya kutoka nje, kwa sababu mbele yake kuna modemu, na modemu hiyo nayo ni ruta.

Kifaa tunachokiita modemu siku hizi ni nadra kuwa modemu tupu. Ndani yake mna ruta, mna Wi-Fi, mna fayawoli, yaani kichujio cha kuruhusu na kuzuia pakiti. Kinapewa anwani moja ya IP na mtoa huduma, kisha kinagawa anwani za ndani kwa kila kilichochomekwa kwake. Ukichomeka ruta yako hapo, nayo inaifanya kazi hiyohiyo kwa mara ya pili, na sasa una NAT mbili zilizofuatana (NAT ni huko kubadilisha anwani ili vifaa vingi vitumie moja). Ukiwa ndani unavinjari hutahisi lolote, maana kila NAT inakumbuka nani aliomba nini na majibu yanarudi yenyewe. Shida ni kwa anayekuja kutoka nje bila kuitwa. Pakiti yake ikifika kwenye modemu, modemu haijui impelekee nani, basi inaitupa. Mlinzi wa geti la nje hana habari na maagizo uliyompa mlinzi wa mlango wa ndani.

Ndiyo maana nasisitiza: usiguse mpangilio wowote kabla hujalinganisha anwani mbili. Ya kwanza ni ile inayoonekana kwenye ukurasa wa hali wa ruta yako, upande wa WAN, yaani upande unaotazama nje. Ya pili ni ile inayoonwa na dunia. Fungua tovuti yoyote inayokuonyesha IP yako, huku umezima VPN (njia ya siri inayopitisha data yako kwenye mtandao mwingine). Zikifanana, ruta yako imesimama mbele kabisa na kosa utalitafuta kwenye ruta yenyewe. Zikitofautiana, kuna kifaa kingine katikati kinachobadilisha anwani.

Itazame vizuri ile ya WAN, kwa sababu tarakimu zake zinasema mengi. Ikianza na 10, au ikianza na 192.168, au ikiwa kati ya 172.16 na 172.31, hiyo ni anwani ya faragha. Mafungu hayo matatu yalitengwa kwa mitandao ya ndani kwa waraka wa viwango vya intaneti, RFC 1918, wa mwaka 1996, na hayapitishwi kwenye intaneti ya wazi. Mara nyingi ni modemu yako iliyoitoa. Ingia kwenye modemu sasa, urudie ulinganisho uleule kwa anwani yake ya WAN.

Hapo kwenye modemu ndipo watu wengi hukutana na jambo ambalo hakuna poti itakayolitibu. Ukikuta modemu ina anwani kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, uko nyuma ya NAT ya mtoa huduma mwenyewe, ile inayoitwa CGNAT. Fungu hilo lilitengwa mwaka 2012 kwa kazi hiyo, baada ya akiba kuu ya dunia ya anwani za IPv4, hizi za kawaida zenye namba nne, kugawiwa yote mwaka 2011. Anwani moja ya umma inatumiwa na wateja wengi kwa pamoja, na kifaa kinachowagawanya kiko kwa mtoa huduma, ambako wewe huna ufunguo. Baadhi ya watoa huduma hutumia hata anwani za 10 kwa kazi hii, kwa hiyo usitazame fungu peke yake; ulinganisho wa anwani mbili ndio ushahidi. Nimeona watu wakibadilisha ruta, wakabadilisha kebo, wakaiweka programu upya, ilhali jibu lilikuwa limeandikwa kwenye ukurasa wa modemu tangu mwanzo. Inaniuma, kwa sababu ni pesa ya mtu na usingizi wake.

Tuseme modemu yako ina anwani ya umma. Sasa tunafuata pakiti. Mimi huingia kwenye ruta kwa SSH (njia ya kuipa amri kwa maandishi) na kuwasha tcpdump, programu inayoonyesha pakiti zinazopita, kwenye kiolesura cha WAN, nikichuja poti ninayoitafuta tu. Kisha nachukua simu, nazima Wi-Fi ibaki data ya simu, na kujaribu kuunganisha. Macho yanabaki kwenye skrini. Mstari ukitokea, hata mmoja, wenye anwani ya simu upande wa kushoto na anwani ya ruta upande wa kulia, basi modemu imepitisha na kosa liko ndani: fayawoli ya ruta, sheria inayoelekeza kwa kifaa kilichobadili anwani, au huduma isiyosikiliza. Skrini ikibaki tupu, pakiti imefia kabla ya ruta, na hakuna utakachokirekebisha kwenye ruta kikaleta tofauti. Kama ruta yako haina tcpdump, tazama kihesabu cha pakiti kando ya sheria ya fayawoli. Namba ikipanda unapojaribu, ujumbe ni uleule.

Ujumbe wa kosa kwenye simu nao usiupuuze. Muunganisho uliokataliwa papo hapo una maana kwamba kuna kifaa kimeipokea pakiti na kujibu kwamba poti haina mtu. Muunganisho unaozunguka mpaka muda unaisha una maana kwamba pakiti imetupwa kimya kimya, na huo ni mwenendo wa fayawoli au NAT isiyo na sheria.

Kuna majaribio mawili yanayodanganya. La kwanza ni kujaribu anwani yako ya umma ukiwa bado kwenye Wi-Fi ya nyumbani. Pakiti hiyo inatakiwa itoke, igeuke na kurudi ndani, na ruta nyingi haziruhusu mgeuko huo. Itashindikana hata kama kwa walio nje kila kitu ni kizima. La pili ni zile tovuti za kupima poti. Nyingi hupima TCP peke yake, njia ya kusafirisha pakiti ambayo pande mbili husalimiana kwanza. WireGuard, programu ya VPN, hutumia UDP, njia isiyo na salamu hiyo, kwa kawaida poti 51820, na haijibu kabisa pakiti isiyo na ufunguo sahihi. Tovuti itakwambia imefungwa ilhali inafanya kazi. Kwa WireGuard, kipimo ni amri ya wg show: ukiona muda wa salamu ya mwisho, umefika.

Sasa dawa. Ninayoipenda ni kuiweka modemu katika hali ya briji, ibaki kupitisha tu, na ruta yako ipokee anwani ya umma moja kwa moja. NAT inabaki moja na mahali pa kuangalia panabaki pamoja. Lakini usibonyeze kabla ya kujua laini yako inaingiaje. Kama ni PPPoE, yaani kuingia kwa jina na nenosiri, jina na nenosiri la laini vimehifadhiwa kwenye modemu. Ukiigeuza kuwa briji bila kuwa navyo, nyumba nzima inakosa intaneti. Laini nyingine zinadai namba ya VLAN, alama ya kutenganisha mitandao kwenye waya mmoja. Na baadhi ya modemu hushikilia kifaa cha kwanza zilichokiona, hivyo izime na kuiwasha upya baada ya kuchomeka ruta. Kazi hii ifanye ukiwa hapohapo kwenye kifaa, kamwe usiifanye kwa mbali.

Modemu ikikataa briji, tumia DMZ yake, uielekeze kwenye anwani ya WAN ya ruta. Kila kisichoombwa kitasukumwa kwa ruta, na ruta itaamua kwa fayawoli yake. Au fowadi (elekeza ndani) poti ileile moja kwenye vifaa vyote viwili. Kwa njia yoyote kati ya hizo, ifungie ruta anwani isiyobadilika kwenye DHCP ya modemu, sehemu inayogawa anwani za ndani. Wengi huisahau hatua hii, umeme unakatika, ruta inapewa anwani nyingine, na sheria inaelekeza hewani. Hakikisha pia modemu na ruta havitumii fungu moja la anwani. Vyote vikiwa 192.168.1.x, ruta haiwezi kujua upande upi ni nje na upi ni ndani.

Ukitumia DDNS, huduma inayofunga jina kwenye anwani yako hata ikibadilika, uliza jina lako linatoa anwani gani kwa amri ya nslookup. Ruta iliyo nyuma ya NAT wakati mwingine hupeleka anwani ya WAN inayoiona yenyewe, na jina lako linaishia kuelekeza 192.168 ya faragha. Tafuta mpangilio unaoiambia iulize anwani yake kutoka nje.

Kwa walio nyuma ya CGNAT, zipo njia. Mwombe mtoa huduma anwani ya umma. Wengine huitoa kwa nyongeza ya malipo. Kama laini ina IPv6 halisi (mtindo mpya wenye anwani nyingi mno) pande zote mbili, NAT haihusiki, unafungua fayawoli tu. La sivyo, geuza mwelekeo: ruta yako ndiyo ianze safari, iende kwa seva ndogo yenye anwani ya umma kupitia WireGuard, ikituma pakiti ya kushikilia njia kila sekunde 25, nawe uingie kupitia seva hiyo. Huduma ya Tailscale inafanya kazi inayofanana na hiyo bila wewe kukodi seva.

Na tafadhali, usifowadi ukurasa wa usimamizi wa ruta kwenda intaneti, hata kwa poti ya ajabu. Roboti hupekua anwani zote za IPv4 bila kupumzika, na kurasa hizo zina historia ndefu ya mianya. Fungua poti ya VPN peke yake, kisha ukurasa wa ruta uufungue ukiwa ndani ya VPN. VPN ikiunganisha vizuri lakini ukurasa ukagoma, angalia kama Wi-Fi ya mahali ulipo nayo inatumia 192.168.1.x, simu itakuwa inamtafuta jirani wa hapo ulipo. Ihamishe nyumba yako kwenye fungu lisilo la kawaida, mfano 10.73.20.x, kabla hujasafiri.