Buibui Aliyejificha Bustanini: Usimtambue kwa Rangi

Mvua za masika zikishanyesha Malindi, bustani hujaa wadudu, na maneno juu ya buibui huzidi. Mengi si kweli.

Dhana: Rangi itakuonyesha ni buibui gani.
Rangi ndiyo inayodanganya. Buibui-kaa huvizia nyuki ndani ya maua, na baadhi yao hugeuka kutoka weupe hadi manjano. Hawageuki papo hapo kama kinyonga. Huchukua siku kadhaa. Tazama miguu: minne ya mbele ni mirefu kuliko ya nyuma, ameitandaza ubavuni, na hutembea upande kama kaa wa ufukweni. Hapo umemjua, awe na rangi yoyote.

Dhana: Pasipo utando hapana buibui.
Buibui-kaa hategi kwa utando. Wala Hersilia, buibui aliye bapa na mwenye rangi ya gome, anayelala kichwa chini kwenye shina la mti. Ile "mikia" yake miwili mirefu ni viungo vya kutolea uzi. Humzunguka mdudu mbio huku akimfunga.

Dhana: Huyo wa kwenye mwembe ni chungu majimoto tu.
Hesabu miguu kwanza. Majimoto ana sita na vipapasio viwili. Myrmarachne, buibui anayejifanya chungu, ana minane, ila huinua miwili ya mbele ikaonekana kama vipapasio. Kwangu mimi huyu ndiye hodari wao wote. Ukimshtua hujidondosha akining'inia kwa uzi, jambo ambalo chungu hawezi.

Dhana: Malengelenge yametoka kwa sababu buibui amekukojolea.
Hii inaniuma, maana buibui wengi huuawa bure kwa ajili yake. Mara nyingi mhusika ni mbawakawa mdogo mwembamba, mwekundu na mweusi, anayeitwa Nairobi Fly ingawa si nzi. Sumu yake humtoka anapopondwa juu ya ngozi, na ngozi huwaka baada ya saa 12 hadi 48, ukiwa umeshamsahau. Mpeperushe kwa karatasi, usimponde, kisha osha ngozi kwa sabuni na maji. Malengelenge yakijipanga upande mmoja wa mwili, nenda zahanati upesi: huenda ni mkanda wa jeshi, na dawa zake hufaa zaidi zikianzwa ndani ya saa 72.