Jina la tatu si lazima liwe la ukoo

Wengi wetu, Unguja na Pemba, tumekua tukiamini kuwa jina la tatu katika cheti ni la ukoo, na kwamba wawili wenye jina hilo moja lazima wawe jamaa. Imani hii inaeleweka, kwani fomu nyingi huliweka penye nafasi ya ukoo.

Kwa kawaida ya kwetu, hata hivyo, mtu huandikwa jina lake, kisha la baba, kisha la babu. Juma Haji Makame akimzaa Asha, mtoto huwa Asha Juma Haji. Makame ameshatoka kwenye cheti, ingawa damu ni ile ile. Zipo familia zenye nisba ya kudumu, yaani jina la ukoo lisilobadilika, lakini si zote.

Kwa hiyo anayetafuta asili yake asifuate jina moja, bali aunge mnyororo: cheti cha mtoto na cha mzazi, hati ya ndoa, hati ya shamba la mikarafuu au ya wakfu, ambamo majina huunganishwa kwa “bin” na “binti”. Tarehe nazo zisomwe taratibu, maana karatasi ya mwaka 1330 Hijria ni ya 1912 Miladia, au siku za mwisho za 1911.

Bibi mzaa mama, akiwa hai, ndiye wa kuulizwa mwanzo, kwa kuwa majina ya baba na babu hayataji upande wa kike kabisa. Aulizwe na lakabu na kijiji pia, kwani Makame Haji wa Makunduchi na Makame Haji wa Wete huenda hawajapata kuonana.