Kupanga viwango vya sauti: kwa nini muziki wa simu hufifia kwenye redio ya trela

Muziki unaosikika vizuri kwenye spika za masikioni unaweza kuharibika kabisa ukipitishwa kwenye redio ya trela, ile ya kulala safarini. Besi hupotea, nyuma ya wimbo kuna mchirizo (kelele ya "shhh") usiokoma, na ukiongeza sauti mwimbaji anaanza kukwaruza. Watu wengi hukimbilia kununua spika mpya. Mimi naona ni haraka mno. Mara nyingi tatizo limeanza kabla sauti haijafika kwenye spika, na dawa yake ni kupanga viwango vya sauti.

Sauti ikitoka kwenye simu hupita hatua kadhaa: programu ya muziki, kitufe cha sauti cha simu, waya au Bluetooth, mlango wa kuingilia wa redio, kitufe cha sauti cha redio, amplifaya (kikuza sauti), kisha spika. Kila hatua ina sakafu na dari. Sakafu ni kelele ambayo kifaa chenyewe huzalisha hata kama hakuna muziki. Dari ni nguvu kubwa kuliko zote ambayo hatua hiyo inaweza kuibeba bila kuiharibu. Kupanga viwango ni kuhakikisha kwamba muziki unapita kila hatua ukiwa juu sana ya sakafu, lakini bila kugonga dari.

Sakafu ndiyo inayosahaulika zaidi. Chukulia simu imepunguzwa sauti hadi inatoa volti 0.1 kwenye tundu la AUX, yaani mlango wa redio wa kuchomeka waya wa sauti, wakati ingeweza kutoa volti 1. Tofauti hiyo ni desibeli 20 (desibeli ni kipimo cha tofauti ya nguvu za sauti). Ili usikie muziki kama kawaida, itabidi uongeze hizo desibeli 20 kwenye redio, na redio haijui kutenganisha wimbo na mchirizo ulioingia njiani. Inavikuza vyote viwili. Kelele ambayo isingesikika sasa imekaa katikati ya wimbo. Kwenye Bluetooth hali hutofautiana: baadhi ya vifaa huunganisha kitufe cha simu na cha redio vikawa kimoja, vingine huviacha mbalimbali. Vikiwa mbalimbali, kupunguza sauti kwenye simu huupunguza muziki kabla haujatumwa, kwa hiyo ni bora simu ikae juu na upunguzie kwenye redio.

Dari nayo haina msamaha. Wimbi likizidi uwezo wa hatua fulani, ncha zake hukatwa, na hakuna hatua ya mbele inayoweza kuzirudisha. Kupunguza sauti baadaye kutakupa mkwaruzo uleule, wa chini tu. Kisababishi kikubwa ni ekwalaiza ya simu, yaani sehemu ya kupandisha au kushusha besi na sauti nyembamba. Mtu anaona besi ni ndogo, anaipandisha hadi mwisho, simu inagonga dari, kisha anailaumu redio. Zima ekwalaiza ya simu kwanza. Kama kuna marekebisho ya kufanya, yafanye kwenye redio, na kupunguza sauti nyembamba mara nyingi husaidia kuliko kupandisha besi.

Kwa waya wa AUX, anza hivi: weka redio kwenye stesheni ya kawaida kwa sauti unayoipenda, kisha hamia AUX bila kugusa kitufe cha redio. Cheza wimbo wenye nguvu, upandishe sauti ya simu polepole mpaka ilingane na ile ya stesheni. Simu nyingi zitakuwa zimekaribia juu. Ukisikia mkwaruzo kabla ya kufika hapo, rudi nyuma kidogo. Baadhi ya redio pia zina mpangilio wa unyeti wa AUX kwenye menyu, yaani kiasi ambacho redio inaikuza sauti inayoingia. Simu ikiwa juu na bado sauti ni ndogo, pandisha hapo.

Pini pia inataka kuangaliwa. Ukisikia vyombo lakini sauti ya mwimbaji imepotea, huenda pini haijaingia mpaka mwisho na mguso wa pamoja, ule unaotumiwa na upande wa kushoto na wa kulia, umekosekana. Sauti ya mwimbaji kwa kawaida imerekodiwa sawa upande wa kushoto na wa kulia, na hitilafu hiyo huzifanya pande mbili zifutane. Sukuma pini mpaka itulie. Kasha nene la simu mara nyingi ndilo linaloizuia.

Mvumo unaoanza pale tu unapochomeka chaja hautibiwi kwa kupanga viwango. Chaja na waya wa AUX vimetengeneza njia mbili za kurudisha umeme kwenye betri ileile, na kelele za mfumo wa umeme zinapita humo. Chomoa chaja. Mvumo ukikoma, tumia Bluetooth, au chaji simu kwa betri ya mkononi wakati wa kusikiliza.

Trela ina jambo lake moja zaidi: betri. Amplifaya ya kawaida ya redio ya volti 12, isiyo na sakiti ya kupandisha volti, haiwezi kuipa spika ya omu 4 zaidi ya takriban wati 18 za sauti safi, hata kama usoni pa redio pameandikwa wati 50. Betri ikishuka kwa kuwa taa na friji zimefanya kazi usiku kucha, dari inashuka pia, na sauti iliyokuwa safi jana jioni inaanza kukwaruza asubuhi ukiwa hujagusa chochote. Angalia volti za betri kabla ya kuwasha redio.

Viwango vikiwa sawa na besi bado haipo, zungusha kitufe cha mlinganyo wa kushoto na kulia (balance) upande mmoja tu. Kama besi inaongezeka spika moja inapobaki peke yake, basi moja kati ya hizo mbili imeunganishwa waya kinyume: moja inasukuma hewa wakati nyingine inavuta, na besi inafutika. Geuza waya mbili za spika moja, usiguse za nyingine.