SCORM ni nini, na kwanini animesheni yako haipeleki maksi kwenye LMS

Mtu katengeneza somo zuri kabisa, picha zinatembea, kuna vitufe vya kubonyeza na kakwizi mwishoni, kalipandisha kwenye LMS (mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni na kutunza maksi) akitegemea maksi zitajaa zenyewe, alafu akifungua ripoti anakuta patupu, mwanafunzi kapata 9 kwa 10 na mfumo unasema hajaanza. Mara nyingi LMS haina kosa hapo. Yenyewe imefungua dirisha tu, kinachoendelea humo ndani haikioni, haijui hata kama kuna kwizi. Lazima somo lenyewe liiambie.

Sasa hiyo namna ya kuambiana ndo SCORM. Sio programu ya kuinstol, ni makubaliano ya kiufundi tu kwamba somo lifungashwe hivi na liongee na LMS hivi, ili ulichotengeneza leo kifanye kazi kwenye mfumo wowote unaofuata makubaliano hayohayo. Yalitoka kwa ADL, mradi wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani, toleo la kwanza mwaka 2000, na 2001 likaja 1.2 ambalo mpaka kesho watu bado wanalitumia sana, japo kuna jipya zaidi linaitwa SCORM 2004.

Kufungasha ni kirahisi. Mafaili yako yote yanaingia kwenye zipu moja pamoja na faili linaloitwa imsmanifest.xml, ndo linaieleza LMS somo linaitwaje na lianze kufunguliwa faili gani. Angalia kitu kimoja tu: hilo faili likae juu kabisa ndani ya zipu, ukizipu folda nzima badala ya vilivyomo ndani yake linazama ngazi moja chini na LMS inakataa mzigo wote.

Kuongea ndo kwenyewe. LMS ikifungua somo inaweka kwenye dirisha lake kitu cha JavaScript, lugha ya kodi za kurasa za wavuti, kinachoitwa API (kwenye 2004 jina lake ni API_1484_11), na somo lako linatakiwa likitafute, linapanda dirisha kwa dirisha mpaka likipate. Likishakipata linapiga hodi kwa LMSInitialize, linaandika taarifa kwa LMSSetValue, linaagiza zihifadhiwe kwa LMSCommit, alafu linaaga kwa LMSFinish. Maneno manne tu hayo. Maksi zinaandikwa kwenye cmi.core.score.raw, na hapa wengi wanateleza, kwenye 1.2 namba inatakiwa iwe kati ya 0 na 100, kwahiyo 9 kwa 10 unaigeuza kwanza iwe 90, ukipeleka 9 kavukavu mwanafunzi wako atasomeka kapata asilimia tisa.

Alafu kuna hali ya somo, cmi.core.lesson_status. Kumaliza na kufaulu ni vitu viwili tofauti ila 1.2 imekupa kisanduku kimoja tu, ndani yake unaandika completed au passed au failed, lazima uchague, na kama kwenye manifesti umeweka alama ya kufaulia LMS inaweza kukuamulia yenyewe kwa kuangalia maksi. SCORM 2004 ndo ikavitenganisha, cha kumaliza peke yake na cha kufaulu peke yake, na maksi ikaongeza kipimo cha desimali, yaani 90 unaandika 0.9.

Kwa watu wa animesheni tatizo kubwa linakuwa ni wakati gani unapeleka. Wengi wanaweka kodi kwenye fremu ya mwisho kabisa, baada ya makofi na nyota kuruka, wakati mwanafunzi akishaona maksi zake tu anafunga dirisha, hizo nyota hazingojei, na maksi ndo zimepotea hivyo. Peleka palepale jibu la mwisho linapobonyezwa na uite LMSCommit hapohapo, usitegemee dirisha likifungwa ndo utume maana brauza hazikuhakikishii kama kodi yako itamaliza kukimbia. Na kama umetengeneza kwa Animate, programu ya animesheni ya Adobe, kwenye kanvasi ya HTML5, weka this.stop() kwenye fremu hiyo, la sivyo taimlaini inajizungusha na kodi inajirudia kila ikipita pale. Zamani za Flash, teknolojia ya animesheni za mtandaoni iliyotumika kabla ya HTML5, ilikuwa kazi zaidi kwa sababu Flash yenyewe ilibidi ipitie JavaScript ya ukurasa ndo ifike kwenye API, ila Flash ilifungwa tarehe 31 Desemba 2020, na HTML5 tayari ni JavaScript kwahiyo mlango mmoja umepungua.

Ukifungua somo kwenye kompyuta yako bila LMS halitaona API yoyote, ni kawaida, hakikisha tu kodi inaangalia kwanza kama API ipo isije ikagoma somo zima. Pia somo likikaa kwenye domeni moja na LMS kwenye nyingine brauza inazuia wasionane kabisa.

Utasikia pia xAPI, ya 2013, hiyo inatuma sentensi kama "fulani kajibu swali fulani" kwenda kwenye ghala lake la kumbukumbu, inafaa ukitaka kujua kila alichogusa mwanafunzi hata nje ya LMS. Kama unachotaka ni maksi tu na kujua kamaliza, mi naona 1.2 inatosha kabisa, usijitafutie kazi.

Ila usiitumie kwa mtihani mzito. Maksi zinatumwa kutoka kwenye brauza ya mwanafunzi mwenyewe, na mjanja anayejua kufungua konso (sehemu ya brauza ya kuandikia kodi moja kwa moja) anaweza kuita hiyohiyo LMSSetValue akajiandikia 100 bila kugusa swali hata moja.