Umerudi kuogelea ili upungue? Anza na pumzi

Watu wazima ninaowafundisha kuogelea ni wa aina mbili: asiyejua kabisa, na aliyewahi kujua. Huyu wa pili ndiye anayenipa kazi zaidi. Aliogelea vizuri akiwa shuleni, kisha kazi na watoto vikamshika, ikapita miaka ishirini, mwili ukaongezeka. Sasa amerudi kwa sababu moja, apungue, na siku ya kwanza anataka kuogelea kama alivyoogelea akiwa na miaka kumi na minane.

Nilimpokea mama mmoja wa miaka arobaini na ushei. Alijisukuma kutoka ukutani, mikono ikaenda vizuri tu, maana mikono haisahau. Bwawa lina urefu wa mita 25, na kabla hajafika nusu alikuwa ameng'ang'ania ukingo, mabega yakipanda na kushuka.

"Kocha, huu unene ndio unaniua."

Nikamwambia hapana, mama, si unene. Nilikuwa nimeutazama uso wake chini ya maji muda wote ule: halikutoka povu hata moja. Alibana pumzi tangu ukutani, na kila alipogeuza kichwa alijaribu kutoa na kuvuta hewa kwa mkupuo mmoja, wakati nafasi yenyewe inatosha kuvuta tu. Ile hali ya kuhisi unakufa maji mara nyingi haitokani na kukosa oksijeni. Ni kabonidayoksaidi iliyojaa mwilini ndiyo inayougutua ubongo.

Kwa hiyo tulianza upya. Simama maji yakikufika kifuani, shika ukingo, ingiza uso, toa hewa puani polepole kama mtu anayeimba mdomo umefumbwa, hesabu hadi nne. Geuza kichwa pembeni, vuta kwa mdomo, rudisha uso. Mara kumi. Ndipo uogelee mita 25 taratibu, upumzike mpaka uweze kusema sentensi nzima bila kuhema, kisha urudie. Mara nane zinatimia mita 200, na kwa siku ya kwanza zinatosha kabisa. Anayelazimisha mita 1,000 siku hiyo, mara nyingi simwoni tena wiki inayofuata, na hilo huniuma.

Kuhusu unene wenyewe, mafuta ni mepesi kuliko maji, kwa hiyo yanakusaidia kuelea. Kinachokuzamisha ni kichwa. Ukikiinua kutazama mbele, miguu inashuka, nawe unausukuma mwili mzima ukiwa mshazari ndani ya kitu kizito kuliko hewa karibu mara 800. Tazama sakafu ya bwawa, utahisi nyonga zikipanda zenyewe.

Sasa hesabu ya uzito, na hapa sitaki kumdanganya mtu. Kuogelea taratibu kunatumia nishati takriban mara sita ya ile unayotumia ukiwa umekaa tu. Ukiwa na kilo 90, nusu saa ya kuogelea kweli, bila kuhesabu muda wa kusimama ukingoni, ni kama kilokalori 270. Kilo moja ya mafuta ya mwilini inabeba takriban 7,700. Ukiogelea hivyo mara tatu kwa wiki bila kubadilisha chochote kingine, kilo hiyo itachukua zaidi ya miezi miwili. Ni polepole, lakini ni kweli, na inazidi kadiri pumzi inavyokuruhusu kuongeza muda na kasi.

Kinachoiharibu hesabu hiyo ni njaa ya baada ya bwawa. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida waliwapa watu mazoezi ya dakika 45 ndani ya maji, mara ya baridi ya nyuzi 20, mara ya vuguvugu ya nyuzi 33. Waliotoka kwenye maji baridi walikula zaidi ya asilimia 40 kuliko walipotoka kwenye maji ya vuguvugu. Mwili umepoteza joto, unadai. Mimi huwaambia wanafunzi wangu waoge maji ya moto mara tu wanapotoka, wavae nguo kavu, wanywe maji, na wawe wameshaamua kabla ya kuingia bwawani watakula nini na saa ngapi.

Mambo mawili ya haraka. Mapigo ya moyo majini huwa chini kidogo kuliko nchi kavu kwa jitihada ileile, kwa hiyo usiyafukuzie yafike pale yanapofika ukikimbia. Na kama una shinikizo la damu, tatizo la moyo au maumivu ya kifua, muone daktari kwanza.

Halafu kuna aibu ya mavazi, ambayo wengi hawaisemi lakini ndiyo inayowarudisha nyumbani. Vaa kinachokusitiri, hata cha mikono mirefu, mradi kikubane. Nguo pana hujaa maji na kukuvuta nyuma. Chagua pia saa ambazo bwawa lina watu wachache.

Wiki ya sita yule mama aliogelea mita 100 bila kugusa ukingo. Mizani ilikuwa imeshuka kilo moja na nusu, kiuno kimepungua sentimita nne. Sasa tunashughulikia miguu yake, maana bado anakunja magoti mno anapopiga maji.