Kichwa cha jigi: anza na mkondo, si na samaki

Vijana wanaoanza kuvua kwa chambo cha mpira huniuliza kwanza habari za rangi. Mimi huwarudisha kwenye kile kirisasi chenye ndoana kinachobeba chambo, yaani kichwa cha jigi. Chambo kizuri juu ya kichwa kisichofaa hupita mbali na samaki siku nzima.

Wengi hupima uzito kwa samaki wanayemtamani: chewa mkubwa, risasi kubwa. Sivyo. Uzito hupimwa kwa kina na mkondo. Mimi huvua sana kwenye hori la Mtwapa, pwani ya Kenya, kandokando ya mikoko, na kalenda yangu ni mwezi. Siku za maji mafu, mkondo ukiwa dhaifu, gramu 7 zinanitosha penye kina cha mita 3. Bamvua likija, yaani maji makubwa, tofauti kati ya kujaa na kupwa kwenye pwani hii hufika kiasi cha mita 3, na maji yote hayo lazima yaingie na kutoka kwenye mlango wa hori. Gramu 7 hukokotwa kama jani. Hapo nafunga 14, na penye kina zaidi 21 au hata 28. Kusi nalo likivuma kwa nguvu, upepo huuvuta uzi ukapinda, na chambo hunyanyuka; basi ongeza uzito kidogo.

Kanuni yangu ni kutumia kichwa chepesi kabisa ambacho bado kinagusa chini. Tupa, acha kizame, uangalie uzi: ukilegea ghafla, kimefika. Usipoona ulegevu huo, panda daraja moja. Nasisitiza wepesi kwa sababu samaki wengi wa chini, chewa na changu wakiwemo, hukidaka chambo kikiwa kinashuka. Kizito hudondoka kama jiwe na kupita kabla hawajageuka. Chepesi hushuka taratibu, mkia ukipepea, kama dagaa aliyejeruhiwa. Pakiti nyingi huandikwa kwa wakia, basi kumbuka: 1/4 ni gramu 7, 3/8 ni kama 10.5, 1/2 ni 14.

Ndoana iendane na mwili wa chambo. Kwa chambo cha inchi 3 mimi huanzia ndoana ya saizi 2/0, cha inchi 4 huwa 3/0 au 4/0. Tazama pia unene wa waya. Niliwahi kununua vichwa vya bei rahisi, vizuri kwa macho; kolekole wa kwanza aliinyoosha ndoana ikabaki kama msumari. Kolekole wana nguvu, hawataki waya mwembamba.

Sasa kuvisha, na hapa ndipo ninapoomba subira yako. Laza ndoana ubavuni mwa chambo, kichwa kikiwa sawa na pua, utie alama kwa ukucha pale pindo la ndoana linapoishia. Ingiza ncha katikati kabisa ya pua. Sukuma polepole huku ukikikunja chambo kifuate ndoana, kisha itoe ncha mgongoni penye alama, kwenye mstari wa katikati ya mgongo. Kikijikunja au kikivimba mahali, chomoa uanze upya. Chambo kilichopinda huzunguka majini badala ya kuogelea, samaki hukikwepa, na uzi wako husokoteka. Kabla ya kutupa mbali, kivute mita moja kando ya mtumbwi ukitazame. Kikiteleza kutoka shingoni, tone la supaglu linakishika.

Penye mizizi ya mikoko natumia kichwa chenye ndoana ya kufichwa, ncha ikilala chini ya ngozi ya mgongo. Hapo samaki akidaka, vuta kwa nguvu zaidi, maana ncha lazima itoboe mpira kwanza. Fundo langu ni la kitanzi kisichokaza, ili kichwa kicheze.

Vyambo vya mpira unaovutika sana, aina ya ElaZtech, usivichanganye na vya kawaida kwenye mfuko mmoja. Huyeyushana vikawa uji. Na kwa kuwa risasi ni sumu, mimi hunawa mikono kwa sabuni kabla ya kufungua chakula changu mtumbwini.